Kabla ya Kisu, Mjengeni Mgonjwa

Safari ya mgonjwa wa saratani kutoka Kimamba, wilayani Kilosa, ina vituo vingi. Huanzia zahanati au duka la dawa la jirani, ikafika hospitali ya wilaya Kilosa, ikaenda hospitali ya rufaa ya mkoa Morogoro, kisha Dar es Salaam: Muhimbili kwa upasuaji, Taasisi ya Saratani Ocean Road kwa mionzi na dawa, na wengi hupitia kote kuwili. Kati ya kituo na kituo ni kungoja. Mtu anangoja majibu ya kipimo cha kinyama, anangoja kitanda, anangoja damu, anangoja nauli. Treni ya SGR inayosimama Kilosa tangu mwaka 2024 imefupisha njia, lakini foleni ya chumba cha upasuaji iko palepale. Mgonjwa hurudi nyumbani na karatasi yenye tarehe ya wiki tatu, nne, au zaidi mbele, na mara nyingi haambiwi cha kufanya siku hizo zote isipokuwa asichelewe kufika.

Nazungumzia siku hizo. Ninaamini ni sehemu ya matibabu kamili, na ninaamini pia kwamba familia nyingi, kwa mapenzi yao yote, huzitumia kumdhoofisha mtu wao bila kujua.

Tazama tunavyofanya. Habari ikishatangaa kwamba mama ana saratani, jembe linaondolewa mkononi mwake siku hiyohiyo. Ndoo ya maji haruhusiwi kuigusa, ufagio vilevile. Anatandikiwa mkeka kivulini, wageni wanakuja kumpa pole, kutwa nzima amekaa au amelala. Chakula anaonjaonja tu, na hakuna anayemhimiza kwa sababu mgonjwa hasumbuliwi. Supu anapelekewa, nyama inabaki kwa watoto. Tarehe ikifika, mtu aliyetoka hospitali akitembea mwenyewe anarudishwa kashikwa kwapa huku na huku.

Upasuaji mkubwa ni jeraha, hata likiwa jeraha la kuponya. Mwili unapokatwa huingia katika hali ya dharura: unahitaji protini za kuunga kidonda, za kutengeneza chembe za kinga, na sukari ya kuendeshea ubongo wakati mgonjwa hali. Vyote hivyo hauvipati hewani. Unavitoa kwenye misuli. Misuli ndiyo kihenge cha mwili, na anayeingia chumba cha upasuaji kihenge kikiwa kitupu hana cha kuchota. Kidonda chake huchelewa kufunga au hutunga usaha. Tena misuli ndiyo inayopanua kifua na kukohoa. Mtu aliyepasuliwa tumbo akikosa nguvu ya kutoa makohozi, nimonia huwa karibu. Daktari mzuri hushona vizuri, lakini kinachounga nyama ni mwili wa mgonjwa mwenyewe.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1936 daktari Hiram Studley wa Cleveland, Marekani, aliwafuatilia wagonjwa waliopasuliwa kwa vidonda vya tumbo. Waliokuwa wamepoteza zaidi ya asilimia 20 ya uzito wao kabla ya upasuaji, mmoja kati ya kila watatu alifariki. Kwa waliopungua chini ya hapo, vifo havikufika wanne kwa kila mia. Na mwaka 2023 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika hospitali za nchi kadhaa, ukiongozwa na Waholanzi, kwa wagonjwa 251 wa saratani ya utumbo mpana. Nusu yao waliandaliwa kwa wiki nne kabla ya upasuaji: mazoezi, chakula chenye protini, msaada wa kuacha sigara na mtu wa kuzungumza naye kuhusu hofu. Matatizo makubwa baada ya upasuaji yaliwapata asilimia 17 ya walioandaliwa, na karibu asilimia 30 ya wasioandaliwa. Wiki nne tu. Muda uleule ambao sisi tunautumia kwenye mkeka.

Anza na mizani. Mpime mgonjwa siku anayorudi na tarehe, kisha kila wiki, kwenye mizani ileile, akiwa na nguo zinazolingana uzito. Zahanati ina mizani ya watu wazima. Ikikosekana, mizani ya mnunuzi wa mahindi inatosha ilimradi isibadilishwe. Muulize alikuwa na kilo ngapi miezi sita iliyopita. Kama hajui, tazama mashimo ya mkanda, ona kama gauni la sikukuu linamning'inia. Mtu aliyekuwa na kilo 60 sasa ana 54, amepoteza asilimia 10, na hapo taa nyekundu imewaka: daktari wa upasuaji aambiwe kabla ya tarehe, asiachwe ajionee mwenyewe mezani. Miongozo ya Ulaya ya lishe ya wagonjwa wa upasuaji inasema mtu aliyekonda sana alishwe kwa mpango maalumu siku 7 hadi 14 kwanza, hata kama upasuaji wa saratani itabidi usogezwe mbele. Familia nyingi huona kusogezwa huko kama kunyimwa tiba. Si kweli. Mara nyingine ndiko kunakomwokoa.

Lakini mizani inaweza kudanganya. Mgonjwa mwenye saratani ya matiti anaweza kuwa mnene na bado akawa hana misuli. Miguu ikivimba maji, kilo zinapanda huku nyama zinakwisha. Kwa hiyo pima nguvu pia. Weka kiti imara cha mbao ukutani, mgonjwa akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara tano bila kujishika. Ikimchukua zaidi ya sekunde 15, au akishindwa, miguu imeishiwa. Hospitali nyingine zina kifaa cha kubana kwa kiganja kinachopima nguvu za mkono; mwanamume akiwa chini ya kilo 27 na mwanamke chini ya 16 huhesabiwa dhaifu. Nyumbani, sikiliza malalamiko madogo: hawezi tena kukamua nguo aliyofua, kifuniko cha chupa ya mafuta kimemshinda.

Sasa chakula, na hapa ndipo nitakaa.

Mtu anayejiandaa kwa upasuaji anahitaji protini ya gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya mwili wake, kila siku. Kwa mwenye kilo 60 hiyo ni gramu 72 hadi 90. Ukiisikia hivyo unaona ni lazima ukauze mbuzi ununue makopo ya unga wa maziwa ya wagonjwa. Huna haja, kama mtu wako anameza. Yai moja lina gramu 6. Glasi ya maziwa au mtindi ina 8. Kikombe kilichojaa maharage yaliyopikwa kina 15. Dagaa wakavu, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, kwa hiyo konzi moja ya gramu 30 inampa 15 au zaidi. Karanga konzi moja, 7.

Hesabu siku moja ya Kimamba. Asubuhi uji uliopikwa kwa glasi ya maziwa, na mayai mawili ya kuchemsha. Saa nne, karanga. Mchana ugali kidogo, kikombe cha maharage, mboga ya majani. Saa kumi glasi ya mtindi. Usiku wali na dagaa waliosagwa kwenye mchuzi wa nyanya na mafuta ya alizeti. Kabla ya kulala, maziwa. Hapo ana gramu 73 kabla ya kuhesabu zilizomo kwenye ugali na wali. Kila kitu hapo kinapatikana gulioni au kwa wafugaji wanaopita na madumu ya maziwa. Maziwa hayo yachemshwe mpaka yaumuke, kila mara, maana mgonjwa huyu si wa kuongezewa kifua kikuu cha ng'ombe wala homa ya kutupa mimba. Karanga zichambuliwe: zilizokunjamana, zenye ukungu au uchungu zitupwe. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na ini la mgonjwa wa saratani halina nafasi ya kubeba mzigo huo.

Jambo linaloniudhi ni mpangilio wa sahani. Tunampakulia mgonjwa mlima wa ugali na kitoweo pembeni, naye kwa adabu anaanza na ugali. Matonge matano, tumbo limejaa, dagaa wamebaki. Geuzeni. Aanze na kitoweo, akimalize, ugali ufuate kama bado kuna nafasi. Asinywe maji mengi katikati ya mlo. Ale mara sita kwa kiasi kidogo kuliko mara mbili kwa sahani kubwa ya kumtisha.

Na supu. Supu ya kongoro tunaiamini kupita kiasi. Mchuzi wenyewe ni maji, chumvi, mafuta kidogo na ute wa mifupa. Unafariji koo na unaamsha hamu, lakini haujengi msuli peke yake. Mpe supu pamoja na nyama yake iliyochemshwa mpaka ikachambuka. Vivyo hivyo juisi ya rozela na ya kiazi chekundu tunazoziita dawa ya damu: zinaburudisha, lakini upungufu wa damu hauondoki kwa rangi nyekundu. Mgonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi anayevuja damu kwa miezi anahitaji kupimwa wingi wa damu mapema, apewe vidonge vya madini ya chuma au matibabu mengine yanayomfaa, apimwe malaria, na kama alikuwa akilima bila viatu, apewe dawa ya minyoo ya safura. Vidonge vya chuma asivinywe na chai. Chai huzuia chuma kuingia mwilini. Avinywe na maji, kisha chungwa au embe. Akianza mapema, anaweza kuingia kwenye upasuaji bila kuhangaikia uniti za damu za kuazima.

Kuna maneno ya mtaani yanayowanyima wagonjwa chakula. Moja linasema sukari na chakula kizuri huilisha saratani, kwa hiyo mgonjwa afunge ili uvimbe ufe njaa. Uvimbe haufi njaa. Hujichukulia kwenye misuli ya mgonjwa, naye ndiye anayekonda. Lingine linakataza nyama na mayai kabisa. Ushauri wa kupunguza nyama nyekundu ni wa mtu mzima wa afya anayejikinga kwa miaka mingi. Si wa mtu aliyekonda aliyebakiza wiki tatu kupasuliwa. Na mgonjwa Mwislamu tarehe yake ikiangukia karibu na Ramadhani akumbuke kwamba dini imempa ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Azungumze na shehe wake bila kuona haya. Wanaohitaji mpango wao wa pekee ni wenye figo dhaifu na wenye kisukari. Hao gramu nilizotaja wasizifuate kabla ya kumwona daktari.

Lipo jambo la ndani ya nyumba ambalo hakuna kipeperushi cha hospitali kinachoweza kulisema. Katika Tanzania saratani zinazowapata wanawake zaidi ni ya mlango wa kizazi na ya matiti. Maana yake mgonjwa mara nyingi ni mama au bibi, yule aliyezoea kula mwisho. Ukimpa yai, anamtazama mjukuu aliyesimama mlangoni, anamkatia nusu. Kesho anampa lote. Hawezi kula huku mtoto anamtazama, na huwezi kumlaumu. Kwa hiyo msimtegemee ajitetee mwenyewe. Mtoto apewe chake kwanza, hata kama ni karanga, kisha mtu mmoja wa nyumbani, dada au mkwe, akae na mgonjwa mpaka amalize. Baba wa nyumba naye atamke wazi kwamba mwezi huu kitoweo kinaanzia kwa mama. Akilisema yeye, limepita.

Saratani ya umio, inayotusumbua sana Afrika Mashariki, ina shida yake. Kwanza ugali unakwama, kisha wali, kisha hata ndizi laini, mpaka anabaki na uji. Uji mwepesi wa mahindi kwa miezi miwili ni njaa iliyotiwa sukari. Uji huo uwe mzito wa kumezeka, upikwe kwa maziwa, uongezwe karanga zilizosagwa laini, kijiko kikubwa cha mafuta, na yai lililopigwa na kumiminwa wakati uji unachemka ili liive. Dagaa wakaangwe, wasagwe, wachekechwe. Kama hata maji hayapiti, au hajala kitu cha maana kwa zaidi ya wiki moja, msimjazie chakula kwa pupa nyumbani. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukishtuliwa kwa chakula kingi, chumvichumvi za damu huvurugika na moyo unaweza kusimama. Huyo ni wa hospitali siku hiyohiyo, waanze naye kidogokidogo, au wamwekee mrija wa kulishia. Mrija hautangazi kifo. Kwa wengi ndio unaowafikisha kwenye matibabu wakiwa na nguvu. Mikono ioshwe kabla ya kuushika, chakula kichujwe, na kila baada ya kulisha usafishwe kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa, usije ukaziba.

Protini bila kazi haiwi msuli. Watafiti wa Marekani waliwahi kuwalaza kitandani wazee wazima wa afya kwa siku 10, wakila vizuri kabisa, na wakatoka wamepoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Hao hawakuwa wagonjwa. Basi mrudishieni mgonjwa ufagio. Atembee asubuhi kabla ya jua kali, kutoka nyumbani hadi stesheni na kurudi, au umbali wowote unaomfanya aheme kidogo lakini bado aweze kuongea. Nusu saa kwa siku, hata ikigawanywa mara tatu. Asimame na kukaa kwenye kile kiti, mara nane hadi kumi, apumzike, arudie, mara mbili au tatu kwa siku. Ashike ukuta anyanyuke kwa vidole vya miguu. Anyanyue madumu ya lita moja moja yenye maji. Avute pumzi ndefu mpaka kifua kijae, aishike kidogo, aitoe taratibu, mara kumi asubuhi na jioni, na ajizoeze kukohoa akiwa amekumbatia mto tumboni, maana ndivyo atakavyokohoa na kidonda. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, kuvuja damu zaidi, mfupa wenye saratani unaouma: hapo asimame amwone daktari. Na kama maumivu ndiyo yanayomnyima kula na kutembea, ayaseme. Dawa za kutuliza zipo, mpaka mofini ya maji.

Sigara, ugoro na pombe, ya dukani na ya kienyeji, viachwe, na wiki nne kabla ya kisu ni bora kuliko siku nne. Mitishamba yote itajwe kwa mtaalamu wa nusukaputi bila kuficha. Mingine huongeza kuvuja damu.

Siku ya upasuaji kuna mtego. Mgonjwa huambiwa asile tangu usiku wa manane, anakaa na njaa mpaka alasiri, kisha anaambiwa zamu yake imesukumwa kesho, na kesho hivyohivyo. Utaratibu unaokubalika duniani kwa wagonjwa wengi ni kuacha chakula saa sita kabla na maji meupe saa mbili kabla. Uji na maziwa huhesabiwa kama chakula. Lakini mwenye umio au tumbo lililoziba ana masharti tofauti, kwa hiyo neno la mtaalamu wa nusukaputi ndilo la mwisho. Wajibu wa ndugu ni kumuuliza muuguzi, kwa heshima: "Dada, mgonjwa wetu ameahirishwa, anaweza kula sasa?" Akiruhusiwa, chakula kiwe tayari mkononi.

Baada ya kisu, mambo ni yaleyale kwa hatua ndogo. Madaktari wakiruhusu kunywa, anywe. Wakiruhusu kula, ale, na tonge la kwanza liwe na protini. Zamani mgonjwa aliachwa bila kula mpaka atoe upepo. Tangu miaka ya 1990, kazi iliyoanzishwa na daktari Henrik Kehlet wa Denmark imeonyesha kwamba wengi wanaokula na kuinuka mapema hupona haraka. Akalishwe kwenye kiti siku ya kwanza ikiwezekana, asimame, atembee hadi mlangoni mwa wodi. Ndugu anayeleta chakula asilete chupa ya supu tupu. Na akirudi Kimamba asirudishwe kwenye mkeka. Kilo ziendelee kuandikwa kwa miezi mitatu, maana wengi huendelea na mionzi au dawa za mishipani, na hizo nazo zinataka mtu mwenye nguvu.

Halmashauri zina maofisa lishe, na hospitali kubwa pia, lakini hawatamfuata mgonjwa asiyeulizia. Kwa hiyo mkipewa tarehe, msiondoke kabla ya kuuliza mambo matatu: mgonjwa wetu ana kilo ngapi leo, damu yake ni kiasi gani, na ofisa lishe yuko chumba kipi. Nendeni mkabishe hodi siku hiyohiyo.